Asitoke Mtu Peke Yake

Tarehe 2 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi huku hatujambo. Mwanao ni mzima isipokuwa mgongo, na pacha ni wazima kupita kiasi. Jana wamekata pazia la jikoni wakitafuta kitambaa cha kumshonea mwanasesere gauni. Ningekupigia simu, lakini wewe na simu tunawajua. Unaifungia kwenye droo pamoja na saa mbovu, kisha unalalamika kwamba hatukukumbuki. Basi naandika.

Nina ombi. Unajua kazi yangu pale kiwandani ni kukata maboksi. La viatu, la sabuni, la keki, yote yanapita mikononi mwangu. Sasa nimebuni mchezo unaokaa ndani ya boksi, wa kuchezwa na familia au marafiki wakikutana. Bosi amesema atauchapa nikimthibitishia kwamba watu wazima wanaweza kuucheza mpaka mwisho bila kugombana. Alisema hivyo huku akicheka, maana anajua nimeolewa katika ukoo gani.

Mchezo unaitwa Mlango Mmoja. Kuna nyumba yenye vyumba vingi na mlango mmoja tu wa kutokea. Wewe una nusu ya nyumba na watu sita wa mbao, mwenzako ana nusu ya pili na watu wake sita. Kila mlango uliofungwa upande wako, ufunguo wake uko kwa mwenzako, na wa kwake uko kwako. Hamwoneshani nyumba. Mnaulizana tu, mnajibizana, mnafunguliana. Watu wakiwa mezani tunapima muda kwa kichupa cha mchanga. Kwa barua tutatumia mshumaa wa karatasi niliouweka humo ndani: kila mkijibizana, unakata kipande. Mshumaa ukiisha na watu bado wamo ndani, mchezo umekwisha.

Mwenzako ni mstaafu mmoja, mtu mwenye adabu zake. Jina simtaji, ndiyo sheria. Wewe niandikie mimi hatua yako, nami nitamwandikia yeye.

Sababu nyingine nitaisema wazi. Mwisho wa mwaka nilipika mara mbili. Mchana kwa ajili yako, jioni kwa ajili ya Baba Mdogo, kwa kuwa wewe na ndugu yako hamkai meza moja tangu mlipogombania drafti. Pacha waliniuliza kwa nini babu zao wanakuja kwa zamu kama walinzi. Kwa hiyo tafadhali cheza, angalau nijue kwamba babu mmoja anaweza.

Mkweo,
Mama Pacha


Tarehe 9 Machi

Mkwe wangu Mama Pacha,

Marahaba. Boksi limefika. Kona moja imebonyea, lakini nusu nyumba yangu iko salama. Nianze na malalamiko. Hicho kichupa chako cha mchanga nimekipima kwa saa tatu tofauti na kinakimbia. Najua kwa barua hatukitumii, lakini dakika ni dakika, na ukimpa mtu dakika pungufu umemwibia.

La pili, nimesoma sheria zako mara mbili nikimtafuta anayefungwa, sikumwona. Nikampa jirani yangu kinyozi asome, naye hakumwona. Mchezo usio na wa kufungwa ni kama ndoa isiyo na mawifi: unakaa unajiuliza ugomvi utatokea wapi.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na boksi. Niliketi kwenye benchi la dukani, wateja wakasubiri, nikapanga mambo. Chumba chenye mlango wa kutokea kiko upande wangu. Nikawatoa watu wangu wote sita kwa mkupuo mmoja. Nimeshinda. Mwambie huyo mstaafu pole, asivunjike moyo. Wengi wameanza hivyo kwangu.

Habari za ndugu yangu usiniletee. Kete ikiacha kula pale inapopaswa kula, inaondolewa ubaoni, na hiyo ndiyo sheria tangu marehemu baba yetu alipotufundisha. Mimi nikaiondoa. Yeye akasema alikuwa hajatoa mkono wake. Halafu akabeba ubao wa baba akaenda nao kwake, na kete ile ile akaitia mfukoni. Sasa mimi nina kete bila ubao, na hata kete zenyewe zimepungua moja. Mahali pake nimeweka kifungo cha koti. Anakaa mitaa miwili tu kutoka dukani kwangu, na akipita anapita upande wa pili wa barabara. Hapo mwenye kichwa kigumu ni nani?

Nisalimie mwanangu. Mwambie mgongo dawa yake ni kunyooshwa, si kuimbwa.

Baba Mkwe wako,
Fundi Saa


Tarehe 14 Machi

Mwanangu Mama Pacha,

Marahaba, na asante kwa nusu nyumba. Nimeiweka kwenye meza yangu ya kuchanganyia rangi na nimeitazama siku nzima kabla ya kugusa kitu. Vyumba umevipaka vibaya. Bluu ya jikoni inapigana na njano ya ukumbini. Nitakuchanganyia nyingine.

Unasema huyo mwenzangu usiyemtaja jina amekwisha kutoka na watu wake wote sita kwa mkupuo, na funguo za milango yangu kaondoka nazo. Nimecheka peke yangu mpaka Mama Mdogo wako akaja kuangalia kama nimevuta harufu ya rangi. Mwambie sikukasirika. Si mara yangu ya kwanza kuachwa ndani na mtu mwenye haraka.

Sasa nikuambie jambo, na likae kwako. Binti yetu ametuandalia chumba huko ng'ambo anakoishi. Tunaondoka mwisho wa Juni. Hatuendi kutembea, tunahamia. Magoti yangu yamekataa ngazi, na fundi rangi asiyepanda ngazi anabaki kupaka nusu ya chini ya ukuta, nani atamlipa kwa hilo?

Kaka hajui, na nakuomba usimwambie. Akiambiwa, atakuja kuniaga kwa sababu kaambiwa, atasimama mlangoni kama mtu aliyeletwa na polisi. Mimi sitaki kuagwa kwa lazima. Nataka anitafute kwa hiari yake, na kama hataki, basi nitakwenda hivyo hivyo. Nitaumia, sikufichi. Lakini nitakwenda.

Ubao wa baba ninao bado. Naupangusa vumbi, naurudisha ukutani.

Baba yako Mdogo,
Fundi Rangi


Tarehe 17 Machi

Shikamoo Baba,

Naandika polepole ili isikuume: umeshindwa.

Tafadhali soma tena ukurasa wa pili wa sheria, mstari wa mwisho, ule wa herufi kubwa. ASITOKE MTU PEKE YAKE. Watu kumi na wawili wanatoka pamoja au hawatoki. Wewe uliruka mstari ule kwa sababu ulikuwa unamtafuta wa kumfunga. Pacha walipoona barua yako mmoja alisema, "Babu kawafungia watu ndani na funguo kaziweka mfukoni," na mwenzake akauliza kama watu hao wana chakula.

Mwenzako nimemwandikia. Hakukasirika, amecheka tu. Kwa huruma ya mtunga mchezo, nakuruhusu uwarudishe watu wako ndani, na mlango wa ukumbini ufungwe nyuma yao, ila kipande cha mshumaa kimeshakatwa na hakirudi. Yeye anaomba ufunguo wa mlango wa kijani. Uko kwako, nyuma ya picha ya kabati.

Na Baba, usimwambie mtu pole kabla hujajua nani kafiwa.

Mkweo,
Mama Pacha


Tarehe 25 Machi

Mkwe wangu,

Nimewarudisha. Kwa shingo upande, lakini nimewarudisha. Mlango wa kijani nimefungua.

Dukani kwangu sasa hakukaliki. Kinyozi anaacha wateja na povu mashavuni anakuja kuuliza kama barua imefika. Mama anayeuza vocha mlangoni amejipa cheo cha mtunza funguo. Mzee mmoja alileta saa kubadilishwa betri, akakaa mpaka jioni akibishana nasi kuhusu chumba cha stoo. Mlango wa kijani ulipofunguka kinyozi alipiga makofi na wembe mkononi, nikamwambia akafanyie hayo kwake. Sijui umetia nini humo ndani. Watu hawa kwa kawaida wakikaa pamoja wanasengenyana, na sasa wanasaidiana.

Lakini huyo mstaafu wako ananitia wazimu. Namuuliza maswali matatu, anajibu moja. Na kuna mtu wake mmoja kamsimamisha kona ya chumba cha nyuma, hamsogezi ng'o, utadhani anangoja rangi ikauke. Mwambie asonge. Watu wa namna hiyo nawajua, wanakuchosha kwa kukaa tu.

Muulize pia kama magoti yake hayajambo. Namaanisha ya watu wake wa mbao, wanavyosuasua.

Fundi Saa


Tarehe 1 Aprili

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wa mwenzangu nimecheka tena. Mwambie nyumba hii si saa ya mteja aliyesimama kaunta. Ukuta unapakwa mara ya kwanza, unaachwa, unapakwa mara ya pili. Mtu wangu wa kona ana kazi yake. Akiondoka pale mapema, milango miwili ya upande wake yeye itafungwa, naye hajui kwa sababu haoni ninachokiona. Mimi ninamlinda, yeye ananitukana.

Mama Mdogo wako amejiunga. Na mafundi wangu wawili wa zamani wanapita jioni, wanasimama kuzunguka meza, kila mmoja ana shauri lake. Ni raha, mwanangu. Nilikuwa nimesahau jinsi watu wazima wanavyoweza kupigiana kelele bila kununiana.

Hatua yangu: nampa ufunguo wa ukumbini. Baada ya hapo njia yake ya kwenda nje itakuwa nyeupe kabisa, anaweza kutoka akitaka. Njia yangu bado ni ndefu. Kwa hiyo nina swali moja tu, na uliandike kama nilivyoliandika: Nikimfungulia mlango, ataningoja?

Baba Mdogo


Tarehe 5 Aprili

Shikamoo Baba,

Mambo yanakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, na bosi ameanza kuniuliza rangi ya kifuniko. Mwenzako anakupa ufunguo wa ukumbini. Anasema mtu wake wa kona anakulinda wewe, usimtukane. Na ana swali, nalinakili lilivyo: "Nikimfungulia mlango, ataningoja?"

Nadhani anaogopa utafanya kama ile mara ya kwanza. Mjibu tu kwamba umeelewa sheria, tuendelee.

Mkweo,
Mama Pacha


Tarehe 3 Mei

Shikamoo Baba,

Mwezi mzima umepita na hujanijibu. Kwanza nilidhani ni posta. Halafu mwanao akampigia kinyozi, kinyozi akasema uko mzima, unafungua duka, unafunga duka, ila boksi umeliweka juu ya kabati na mtu akiligusa unamtazama. Mama wa vocha amenuna.

Kama mchezo umekuchosha niambie, sitakasirika. Ila swali la mwenzako halijajibiwa, na mshumaa umebaki kipande kidogo, Baba. Kidogo sana. Siruhusiwi kusema zaidi ya hapo.

Mkweo,
Mama Pacha


Tarehe 7 Mei

Mwanangu Mama Pacha,

Usijilaumu. Mchezo wako hauna kasoro.

Jibu nimeshalipata kwa njia nyingine. Mama Mdogo, bila kuniuliza, alichukua saa yangu ya mkononi akaipeleka kwa Kaka. Wanawake hawakugombana, yeye huenda pale anapotaka. Alitaka iwekwe majira ya kule tunakokwenda, nianze kuyazoea. Kazi ya kufumba na kufumbua. Imekaa kwake mwezi mzima. Kila akiifuata anaambiwa kuna kipuri kinangojwa. Saa ile haina ugonjwa wowote, mwanangu, inatembea kuliko mimi.

Kwa hiyo amejua kwamba naondoka, na amefanya nini? Kaishika saa yangu kama mimi nilivyoushika ubao. Ndivyo alivyoamua kulipa. Nilimuuliza kama ataningoja, akanijibu kwa kunifungia kitu changu kwenye droo.

Boksi nimelifunga kamba, nitakurudishia. Tiketi zimeshakatwa.

Baba Mdogo


Tarehe 10 Mei

Shikamoo Baba Mdogo,

Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, sufuria ikaungua.

Umeandika kwamba ulimuuliza Kaka. Mimi sikukuambia kamwe kwamba mwenzako ni Kaka. Tangu lini unajua? Nami nilikuwa najisifu kwa mwanao kila jioni jinsi ninavyowachezesha wazee wawili bila wao kujua. Kumbe nilikuwa tarishi tu.

Nakuomba kitu kimoja. Usirudishe boksi. Namjua baba mkwe wangu: akiwa na hasira hanyamazi, kinyozi na mtaa mzima wangeshazipata habari. Akinyamaza ni jambo jingine. Nipe wiki moja.

Mwanao,
Mama Pacha


Tarehe 11 Mei

Mkwe wangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kuna saa imenishinda, na tangu nianze kazi hii hakuna saa iliyowahi kunishinda.

Shemeji yangu alikuja dukani na saa ya mumewe. Naijua saa hiyo. Nilimnunulia mwenyewe alipopata kazi yake ya kwanza, ya kupaka shule. Haina ubovu. Akasema, "Shemeji, iweke majira ya kule kwa binti yetu." Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Aizoee mapema." Basi. Lakini mtu anayekwenda kutembea hazoei saa za watu akiwa bado kwake. Anayezoea ni yule anayekwenda kukaa.

Kuzungusha mishale mtoto anaweza. Mimi nimeshindwa. Kila nikishika kile kitufe cha pembeni mkono unagoma. Niliona nikiizungusha tu, atakuwa amekwisha kuondoka. Shemeji aliporudi nikamwambia nangoja kipuri. Akarudi tena, nikasema kipuri kiko njiani. Yule mwanamke ana akili. Aliitazama saa inatembea mbele ya macho yake, akasema, "Kikifika utaniambia, Shemeji," akaenda zake.

Sasa tuje kwenye boksi lako. Njia ya mwongo ni fupi, mkwe wangu. Eti mstaafu mwenye adabu zake. Nilimjua alipomsimamisha yule mtu wa kona. Hivyo ndivyo anavyocheza drafti tangu tuna meno ya utoto: kete moja kona, haisogei mpaka dunia iishe. Nimemfunga mara nyingi kwa tabia hiyo, naye kanifunga mara nyingi zaidi, na ukimwambia mtu hilo nitakana. Nilijifanya sijui kwa sababu nilikuwa nimepata njia ya kusema na ndugu yangu bila kusema naye. Nilikuwa nikiona mtu wa posta moyo unanipiga. Mzee mzima.

Halafu akaniuliza kama nitamngoja, na wiki ile ile saa yake ikaja. Ningemjibu nini? Mimi nimngoje, wakati anayetoka ni yeye? Nikakasirika, kisha hasira ikaisha, ikabaki ile nyingine ambayo sina jina lake. Nimemkosa mdogo wangu, Mama Pacha. Anakaa mitaa miwili na nimemkosa miaka yote hii, sasa anakwenda mahali ambapo hata kupita upande wa pili wa barabara hatapita.

Kwa hiyo mpelekee jibu langu haraka, usingoje posta, mwambie mwanangu ampigie. Kete ilikuwa ya kuondolewa. Hilo sibadili hata mbele ya hakimu. Lakini watu wangu wote sita nimewarudisha mpaka chumba cha ndani kabisa, kule alipo mtu wake wa kona. Mlango wa kutokea uko wazi na hakuna aliyesimama karibu nao. Namngoja.

Na saa yake iko tayari. Asitume mtu. Aje mwenyewe, benchi lipo.

Baba Mkwe wako,
Fundi Saa


Tarehe 20 Mei

Mkwe wetu Mama Pacha,

Tunaandika wawili. Mwandiko mzuri ni wangu mimi Fundi Saa, na pale utakapoona kalamu inatambaa kama konokono, ujue kapokea mdogo wangu.

Alikuja. Alisimama upande wa pili wa barabara muda mrefu, kinyozi akawa ananitangazia kama mpira: anatazama, anafunga kamba ya kiatu, anatazama. Mwisho akavuka. Hakunisalimia. Aliniuliza saa yake bei gani. Nikamwambia: kete moja.

Mwanangu, hapa ni mimi Baba Mdogo. Kete ile nimetembea nayo mfukoni tangu siku ile, kila nikibadilisha suruali naihamisha. Nikaiweka juu ya kaunta. Akavuta droo, akatoa zile nyingine, akatoa na kile kifungo cha koti, akakirushia dirishani. Halafu ndiyo nikamwamkia. Alipojibu sauti yake ilikuwa mbovu, nami yangu ilikuwa mbovu, na mama wa vocha akaanza kulia kwa niaba ya wote.

Fundi Saa tena. Amezidisha. Hakuna aliyelia ila mama wa vocha.

Mchezo tumeumaliza pale pale kwenye benchi. Alileta nusu yake ya nyumba chini ya kwapa, na ubao wa baba chini ya kwapa jingine. Kwa mara ya kwanza tukaziunganisha nusu zote mbili, na ni kweli, bluu inapigana na njano. Yeye alitoa ufunguo wa mwisho, mimi nikafungua, na yule mtu wake wa kona akasogea. Kumbe kweli alikuwa ananilinda, tangu mwanzo. Kumi na wawili wametoka pamoja na mshumaa ukiwa umebaki kipande cha kucha. Kinyozi, wale mafundi wawili wa mdogo wangu, shemeji na mtu aliyekuja kununua mkanda wa saa walishangilia, na sijui hata yule wa mkanda alijua anashangilia nini. Mwambie bosi wako achape. Mwambie pia kichupa cha mchanga kirekebishwe.

Baba Mdogo hapa. Safari iko pale pale, tiketi zimeshakatwa na magoti hayasikii maombi. Lakini tumeagiza kwako maboksi mawili, moja la kwake na moja la kwangu, tutaendelea kwa barua. Safari hii hatuhitaji tarishi, samahani. Ubao wa baba nauacha kwa Kaka. Kete naondoka nayo moja, ile ile. Tumekubaliana hivyo, ili asiweze kucheza na mtu mwingine bila kunikumbuka.

Fundi Saa tena. Nami nimekubali, ila kifungo nilichokitupa sasa nakitafuta.

Saa yake hatukuibadilisha. Nilimpa, akaivaa, nikashika kile kitufe cha pembeni, akavuta mkono. Anasema atakwenda nayo ikiwa na majira ya huku, ajue mimi nafungua duka saa ngapi. Basi nimechukua ile saa kubwa ya ukutani, iliyo juu ya kaunta, nikaiweka ya kule kwa binti. Tangu juzi kila mteja anayeingia ananiambia, fundi, saa yako imekosea. Nawaambia iko sawa.

Jumapili tunakuja na basi la asubuhi, tumekaa kiti kimoja. Waambie pacha wajiandae kwa drafti: wao wawili upande mmoja, babu zao upande mwingine, na wakitufunga wametufunga wote.

Pika mara moja.

Baba zako,
Fundi Saa na Fundi Rangi